Hatua Kumi na Moja

Kaka yangu,

Sisi wazima, na bomba la jikoni limeacha kuvuja. Ila zile sauti unazomtumia baba kila asubuhi, "Amka mzee, wewe ni simba, ukiamua unaweza," naomba zikome. Anaizima simu kabla hujafika kwenye simba.

Unadhani tangu apooze upande mmoja anainuliwa na maneno yako? Kila siku baada ya chai ananitoa nje, ananiambia nibishe hodi. Halafu anajikokota na fimbo kutoka kitini mpaka mlangoni, hatua kumi na moja, afungue mwenyewe. Mtaalamu wa viungo alimwuliza anapata wapi moyo huo. Akajibu, "Mwanangu akirudi, sitaki anikute nimekaa."

Miaka sita, kaka. Mimi ndiye ninayemwogesha, ninayemvalisha viatu, ninayebisha hodi mpaka vidole vinauma. Jana alifungua bila fimbo. Nilitaka kupiga vigelegele. Yeye akachungulia nyuma yangu, akaniuliza, "Uko peke yako?"

Maneno yametosha. Njoo ubishe hodi mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, niliye nje ya mlango.