Fundo la Papa Anselme

Jumatano, Kisangani

Bado nina kinyongo na Papa Anselme, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa sahihi.

Tangu waasi wafunge uwanja wa ndege hatujaletewa vifaa, na leo nyuzi za kushonea ziliisha katikati ya upasuaji wa ngiri yake. Daktari alishamaliza ndani, ilibaki ngozi, ambayo ni kazi yangu. Papa Anselme ni mvuvi wa Wagenia, watu wanaotega samaki kwenye maporomoko ya mto, na kwa kuwa ganzi ilikuwa ya kiunoni tu, alitusikia. "Mama, muke wangu iko inje na nailoni ya nyavu. Iko mupya."

Tukaichemsha, daktari akihesabu dakika.

Nilipofunga fundo la kwanza, mgonjwa akainua kichwa kuchungulia. "Hiyo itateleza. Zungusha mara tatu, alafu vuta."

Miaka tisa nimeshona watu Kigoma kabla sijajitolea kuja huku, leo mgonjwa anifundishe fundo! Nikalivuta nimwonyeshe. Likafunguka.

Nikazungusha mara tatu. Mafundo yote yameshika.

Kesho wapo wanne wanaosubiri, na ndege sijui... Lakini nailoni ipo sokoni, na fundo sasa ninalijua.

Jioni nilimkuta ameketi kitandani, anataka kurudi kwenye maporomoko kutega samaki.

"Fundo niliona mwenyewe," akasema. "Haiwezi kufunguka."

"Fundo ni lako, Papa," nikamjibu. "Tumbo ni langu, kwa wiki sita."