Vifuniko Vilivyolegezwa

Mama Pacha,

Chai iko kwenye chupa. Sare za pacha nimezianua. Ufunguo nitausukuma chini ya mlango.

Alfajiri nilisikia kifuniko kikilia jikoni, kri, kri. Nikachungulia, nikakuona mkwe wangu na nguo ya kulalia, unalegeza vifuniko vya makopo kimoja baada ya kingine, kisha ukanyata kurudi kitandani. Kumbe! Tulikubaliana sitarudi kwangu mpaka mkono niliouvunja bafuni uweze kufungua makopo. Nami kila asubuhi nafungua, najisifu, mnanipigia makofi, na wewe ndiye unayepiga kwa nguvu kuliko wote. Mjanja wewe.

Nilikaa kwenye kiti nikanyong'onyea kidogo. Halafu nikavikaza vyote kwa mkono mzima, kwa nguvu zangu zote, nikavifungua kwa huu wa kulia. Cha sukari kimekubali. Cha chumvi kimenitoa jasho, lakini kimekubali. Cha asali kimegoma.

Basi narudi kwangu, mwanangu. Sijakasirika. Hakuna aliyewahi kuamka alfajiri kwa ajili yangu ili nijione nina nguvu. Mpira wa kufinya alionipa daktari wa mazoezi nimeuchukua, pacha wasiusake chini ya vitanda. Nitaendelea kuufinya asubuhi na jioni.

~~Msihangaike kuja.~~ Njooni Jumapili, wote. Mje na kopo la asali, likiwa limekazwa hivyo hivyo, na wewe usiliguse njiani.

Bibi wa pacha