Pengo Katikati ya Chai

Edmonton, Kanada
Theluji inayeyuka, kisha inaanguka tena

Kwa ndugu yangu mdogo, Kiplangat,

Pokea salamu zangu, nawe uzifikishe kwa mkeo, Mama Kiprono, kabla hujaendelea kusoma. Mwambie kwamba nimeuliza habari za afya yake kabla ya jambo jingine lolote, na kwamba safari hii naomba jibu la kweli. Mimi ni mzima kwa kadiri mzee anavyoweza kuwa mzima. Goti walilolipasua linanifikisha dirishani na kunirudisha kitini. Binti yangu Chelangat anashinda hospitalini akiwauguza watu wengine, na binti yake, Chebet, yuko chuoni. Je, mvua imenyesha huko? Yule ng'ombe mweupe amezaa? Mabati ya jikoni umeyabadilisha? Uliahidi kunieleza hayo katika barua iliyopita, lakini hukunieleza.

Ninakuandikia kwa Kiswahili kama tulivyozoea tangu shule ya misheni, na ninaandika kwa mkono wangu. Ningepiga simu, ungesema mtandao ni mbaya.

Habari yenyewe inaanza kwa Chebet. Unajua kwamba anajifunza usanifu wa majengo. Katika mwaka wake huu wa mwisho wamepewa kazi moja kubwa. Kila mwanafunzi achague kipande cha ardhi, abuni jengo linaloingia ndani ya ardhi hiyo, na jengo hilo lidhihirishe kitu ambacho ardhi imekificha. Mwalimu wao aliiita kazi hiyo Ardhi, Nafasi na Siri. Mimi niliona kwamba hayo ni maneno makubwa mno kwa vijana, lakini sikuulizwa. Wenzake walichagua migodi iliyofungwa na mito iliyofukiwa chini ya barabara. Chebet alichagua shamba la Mama, huko kwetu Silibwet, mahali alipofika mara moja tu akiwa mtoto, akalia kutwa kwa sababu ya siafu.

"Babu, nakujengea nyumba," aliniambia. "Utarudi ukae huko."

"Nyumba ya karatasi," nikamjibu.

"Kwanza ya karatasi. Sasa niambie, naweza chimba mpaka wapi kabla nifike mwamba?"

Nilimsahihisha sentensi, kisha nikamwambia habari za mwamba. Tulikaa mezani siku nyingi, mimi nikisema na yeye akichora. Nilimpa barabara ya juu, zizi, mteremko wote wa chai, na kijito kule chini. Nilimweleza namna udongo wetu ulivyo mwekundu hadi unakochoka kuchimba, na namna unavyonuka baada ya mvua ya alasiri. Aliutengeneza mteremko ule kwa kadibodi, tabaka juu ya tabaka, kisha akaukata katikati kwa kisu kama mtu akatavyo mkate, ili ndani yake ionekane. Sijawahi kuliona shamba letu hivyo. Nyumba aliyoibuni imeingia ndani ya mteremko, na paa lake ni chai yenyewe. Mtu akipita barabarani haoni nyumba, anaona meza ya majani iliyosawazishwa vizuri, na wachunaji wanaweza kupita juu yake na vikapu vyao.

Katikati ya nyumba hiyo kuna chumba kisicho na paa. Ndicho alichokiita siri.

Chumba hicho kilitoka kwangu. Nilimweleza Chebet kwamba Mama hakutaka kuzikwa karibu na nyumba. Alitaka alale chini, karibu na kijito, pale alipochimba mashimo ya miche yake ya kwanza wakati majirani wakimcheka kwamba mjane anapanda majani badala ya mahindi. Nilimweleza kwamba wewe na mimi tuliing'oa chai ya mahali pale kwa mikono yetu, tukamzika, tukapanda mti wa tebeswet upande wa kichwa, na tukakubaliana kwamba pengo lile halitapandwa chai kamwe. Nilimweleza pia kwamba tuliacha nafasi upande wa kushoto.

"Nafasi ya nani, Babu?"

"Ya yule atakayemfuata."

Alikwenda akachora ukuta wa udongo kuizunguka nafasi ile, na akaacha mwanga uingie kutoka juu.

Wiki chache baadaye alirudi na kompyuta yake. Chuoni wana picha za ardhi zilizopigwa kutoka angani, za miaka mbalimbali, na alitaka vipimo vyake vilingane na picha hizo. Katika picha ya zamani nililiona pengo letu waziwazi, jekundu katikati ya kijani, na kivuli cha tebeswet kando yake. Nilifurahi kama mtu aliyeoneshwa uso wa jamaa yake. Kisha alinionesha picha ya karibuni. Ilikuwa chai tupu, kutoka zizi hadi kijito.

"Babu, hapa hakuna pengo. Labda umesahau mahali."

"Sijasahau."

"Na mti pia hakuna."

"Nimekwambia sijasahau."

Nilikupigia simu siku ile. Ulisema uko kwenye kituo cha kuuzia majani na hunisikii vizuri. Nikapiga tena, ukasema mambo yote ni sawa. Ndipo nikampigia Mama Moraa, yule Mkisii aliyemchunia Mama chai tangu tukiwa vijana, ambaye bado anakuchunia wewe. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema.

"Mwalimu! Bado uko? Tulisikia baridi ya huko inakausha watu kama omena."

Nilimwambia kwamba bado sijakauka, nikamuuliza kuhusu kaburi la Mama.

"Hapo siku hizi ni chai tu. Hiyo pengo ilijazwa ile mwaka ulipasuliwa goti. Mti ikakatwa kuni. Langat, huyo ndugu yako, alisema ni wewe umesema ijazwe."

"Mimi?"

"Wewe. Sasa sisi nani tubishane na Mwalimu?"

Nilimuuliza kama kuna jambo jingine. Alikohoa, akanisalimia upya, akaniuliza kama huku kuna sukuma wiki. Nilimngoja.

"Watu walikuja na gari, wakapima na kamba mpaka kwa mto. Mmoja akauliza, hapa kuna kaburi? Langat akasema hakuna."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapo. Nilikuwa na kikapu mgongoni, Mwalimu. Mtu ako na kikapu haulizwi kitu."

Basi nikaelewa. Huko kwetu hakuna anayenunua shamba lenye kaburi. Atanunuaje mahali ambapo wenye marehemu watakuwa wakija kusimama kila wanapotaka? Kwa hiyo anayetaka kuuza hulificha kwanza, na hulificha mapema, ili miche ipate muda wa kushikana na mingine. Wewe ulianza zamani, Kiplangat. Ulikuwa ukinisalimia kwenye simu na miche ile ilikuwa tayari imeshika.

Nilikuwa nimefungua mdomo kusema neno juu yako ambalo hungelisahau. Mama Moraa alinitangulia.

"Usimkasirikie huyo. Mama Kiprono anaoshwa damu na mashine huko Kericho, kila wiki, na hata wiki moja wakikosa, anafura miguu na uso. Ng'ombe ziliisha. Hata ile nyeupe iliuzwa. Hakukwambia?"

Hukuniambia. Kila barua niliuliza habari za ng'ombe yule, nawe ulijibu kuhusu kanisa. Kwa nini hukuniambia? Labda unaiogopa bado kalamu yangu nyekundu, kwa sababu nilizoea kukurudishia barua zako zikiwa zimesahihishwa. Au labda ulifikiri kwamba ningekuuliza mambo mengi kisha nisiwe na cha kukupa. Kama ulifikiri hivyo, hukukosea. Pensheni yangu unaijua. Chelangat analipia nyumba hii, chuo cha Chebet na dawa zangu, na kwa mwezi mzima huwa namwona ameketi mara chache tu.

Najua pia utakachojibu, kwa hiyo nakuokolea wino. Mama alipotugawia shamba, mimi nilipewa sehemu ya juu na wewe ya chini. Mimi niliiuza yangu ili Chelangat asome, na wewe hukunizuia. Ulikuja siku ya kupima, ukashika kamba. Kwa cheti cha ardhi sina hata hatua moja ya udongo huko kwetu. Nafasi ile ya kushoto kwa Mama ndiyo iliyokuwa yangu pekee, na haikuandikwa mahali popote isipokuwa baina yako na yangu.

Nilimweleza Chebet mambo yote. Sikutaka, lakini alikuwa ameketi mbele yangu nilipokuwa nikizungumza na Mama Moraa, na uso wangu haukunisaidia. Kijana huyo ana hasira ya Mama. Aliniambia kwamba kazi yake imechaguliwa miongoni mwa zile zitakazooneshwa ukutani chuoni, kisha zitawekwa mtandaoni zionwe na watu wote, pamoja na ramani, jina la mahali, na picha mbili za angani, moja yenye pengo na nyingine isiyo na pengo.

"Wacha waone," alisema. "Huyo mnunuzi aione kwa simu yake. Ataacha kununua."

"Na Mama Kiprono?"

Alikuwa hajafika huko katika mawazo yake, na mimi nilikuwa nimefika muda mrefu.

Nilifikiri siku tatu, Kiplangat. Simu za siku hizi zinafika kila mahali. Mtoto wa mtu mmoja wa Silibwet angeiona picha hiyo, angemwonesha baba yake, na kabla ya Jumapili mnunuzi angekuwa ameisikia. Shamba lisingeuzwa. Mama angebaki na pengo lake, hata kama lina chai juu. Nami ningekuwa na mahali. Lakini mkeo angefura miguu, kisha uso, kisha mngechimba shimo jingine, na ningekuwa nimewasaidia kulichimba nikiwa huku kitini.

Siku ya tatu nilimwita Chebet nikamwambia aondoe jina la mahali. Aondoe Silibwet, aondoe Bomet, aondoe picha za angani, na kijito akigeuze kielekee upande mwingine. Alilia. Alisema kwamba kazi yote ilihusu kuonesha kile ambacho ardhi imekificha, na sasa mimi namfundisha kuficha.

"Ndiyo," nikamwambia. "Futa."

Alifuta. Nilikaa karibu naye hadi alipomaliza, kwa sababu si haki kumwagiza mtoto jambo kama hilo kisha uende kulala. Siku ya maonesho Chelangat alinipeleka kwa kiti cha magurudumu. Walimu wake walisimama mbele ya ule mteremko wa kadibodi, wakainama, wakachungulia ndani ya chumba kisicho na paa. Mmoja alimuuliza Chebet chumba hicho ni cha nini. Alinitazama mimi, kisha akasema ni nafasi ya mwanga. Walimsifu sana. Walisema kwamba ni jambo la kijasiri kuacha mahali patupu katikati ya nyumba.

Kwa hiyo uza. Sikuzuii. Uliyaanza kwa jembe, nami nimeyamaliza kwa kifutio, na hakuna kati yetu anayeweza kumwonesha mwenzake kidole. Nilitaka kukuomba uing'oe miche ile kabla ya mnunuzi kuingia, au angalau umwambie ukweli mtu huyo. Niliandika ombi hilo katika karatasi nyingine nikaichana, maana nimekuwa mwalimu muda mrefu, na silioni tena kusudi la kumuuliza mtu swali ambalo jibu lake ninalijua. Hata fedha hizo, kwa namna Mama Moraa alivyonieleza, hazitatosha muda mrefu. Zitakapokwisha hutakuwa na kitu kingine cha kuuza. Hilo unalijua kuliko mimi.

Chelangat aliniuliza nataka nizikwe wapi. Ni swali la kawaida hapa, wanaliuliza kama mtu anavyouliza kama utakunywa maji. Nilimwambia atafute hapahapa. Alinipeleka nikaone. Makaburi yao hayana kifusi wala mti. Ni bamba dogo lililolazwa sawa na nyasi, ili mashine ya kukata nyasi ipite juu bila kugonga kitu. Wakati wa baridi yote hufunikwa na theluji, na mtu asiyejua angedhani ni uwanja wa mpira. Nilimwambia panafaa.

Nisalimie Kiprono, mwanao wa kwanza, na umwambie asiache kazi yake ya ualimu hata kama mshahara umechelewa. Nisalimie dada yetu Tapsiargaa kule Sigor, lakini haya usimweleze. Yeye bado huamini kwamba kila tarehe ya kifo cha Mama unakwenda kupalilia pale. Nisalimie mchungaji wetu mzee. Nisalimie Mama Moraa, na usimkasirikie kwa sababu ya ulimi wake. Kwa Mama Kiprono, mshike mkono kwa niaba yangu, na umwambie kwamba shemeji yake hana kinyongo. Hilo ni kweli, na unaweza kuliapia.

Pakiti ya chai ya shambani uliyoniletea kwa mkono wa kijana wa kanisa imefika. Tuliifungua kabla sijayajua haya yote, tukaipika kwa maziwa mengi kama kwetu, na Chebet aliisifu rangi yake. Iliyosalia nimemwambia Chebet aiweke juu ya kabati, mahali nisipofikia. Tafadhali usinitumie nyingine.

Kaka yako,
Mwalimu Joel arap Koskei