Mkanda wa Baba

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, nawe uzigawe kwa wifi na watoto. Natumaini kile kikohozi kimekuachia. Mimi ni mzima, ila vidole vinanuka dawa hata nikiwa mezani.

Kazi inaendelea. Studio yetu bado inasafisha picha nyeusi na nyeupe tu, na wateja hawajatukimbia. Juzi mama mmoja alirudisha picha yake, akidai tumemzeesha. Fundi, yule mzee aliyenifunza kazi, akamwambia kamera haina chuki na mtu. Yeye mwenyewe inamzeesha kila mwaka na hajaishtaki. Mama wa watu akacheka, akaagiza nakala mbili.

Siku hizi fundi ananiachia chumba cha giza peke yangu. Nalaza karatasi ndani ya dawa chini ya taa nyekundu, nasubiri, na mara nyingi macho ya mtu hutokea kabla ya uso wake. Nahesabu sekunde kwa mdomo. Nisipohesabu nafikiri, na nikifikiri naharibu.

Mama alinitembelea wiki iliyopita. Alirudia habari za mkanda tulioukuta ndani ya kamera ya Baba baada ya mazishi, uliopaswa kuwa na picha alizojipiga mwezi wake wa mwisho, kamera ikiwa juu ya kabati na yeye kitini. Alisema mikono ya Baba ilikuwa ikitetemeka, ndiyo maana alikuomba wewe umwekee mkanda. Nawe, anasema, mtu mzima na ndevu zako, ukashindwa hata kuunasisha kwenye kigurudumu chake ndani ya kamera, mkanda usizunguke, Baba wa watu akawa anapiga hewa. Alisema hana kinyongo. Lakini jina lako halitaji, anakuita “yule”. Nilimwongezea chai.

Kaka, mkanda uliunasisha vizuri.

Mkanda usiopata mwanga, ukisafishwa, hutoka mtupu kama kioo, lakini pembeni hubaki na namba zilizotiwa kiwandani. Wa Baba haukuwa na namba hata moja. Fundi aliuinua dirishani, akautazama mwanzo hadi mwisho, kisha akaniuliza taratibu nilianza na chupa ipi. Kuna dawa ya kutoa picha na kuna dawa ya kuikaza. Ya kukaza ikitangulia, inafuta kila kitu, pamoja na namba. Mimi nilianza na ya kukaza. Chupa zinafanana, nami sikunusa wala kusoma. Fundi alikuwa ameniagiza nimsubiri tuusafishe pamoja. Sikumsubiri, kwa sababu nilitaka niwe wa kwanza kumwona Baba, kabla ya Mama, kabla yako.

Jioni ile nilikupigia simu, nikakwambia mkanda haukuwa na kitu. Wewe ukaniomba msamaha. Nami nikakusamehe.

Jumapili nakwenda kwa Mama na mkanda wenyewe, nimweleze nilichofanya. Fundi amejitolea kunisindikiza, nimemkatalia. Barua hii itakuwa imekufikia kabla, maana sikutaka uyasikie kwake. Wewe sikuombi kitu.

Wabusu watoto, na wifi mwambie nimepokea kitambaa, kimenikaa vizuri. Yaliyobaki ni salamu tu.

Ni mimi,
mdogo wako