Siku Radi Ilipomwacha Mtoto Wako

Boniface, ndugu yangu,

Timu yetu Radi imeshika mkia katika ligi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeniuliza la kwanza, kabla ya habari za moyo wangu, kabla hata ya habari za mkeo. Tangu tulipokuzika hatujashinda mechi hata moja. Warundi wametufunga, Watanzania wametufunga, hata wale wa Pinetown, uliokuwa ukisema wanacheza kama watu wanaotafuta ufunguo gizani, nao wametufunga. Tukipita barabarani watoto wanatuimbia, "Radi bila mvua." Shabani kinyozi alikasirika akaishusha picha ya timu ukutani mwa saluni yake, kisha akairudisha kwa sababu wewe umo.

Mimi sina muda mrefu. Miguu imevimba, nalala nimeketi, na daktari, binti mpole, alinieleza hali yangu kwa upole mwingi mno hata nikaelewa zaidi ya alichosema. Sikuogopa. Nilikuwaza wewe. Kuna jambo nimelifanya nikiwa nimekalia kiti chako, na nataka ulisikie kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa mwingine.

Unakumbuka ulivyoupigania utaratibu wa kuchagua wanafunzi. Zamani timu zenye nguvu ziliwanyakua vijana wote wazuri wa vyuoni, sisi tukabaki na wenye magoti mabovu. Ukazunguka kwa viongozi wa timu zote za wageni hapa Durban, jioni baada ya jioni, mpaka wakakubali: wanafunzi wacheze mashindano yao kwanza, kisha timu zichague kwa zamu, na iliyokuwa ya mwisho katika ligi ianze. Walikucheka. Ukawajibu, "Aliyelala njaa ndiye apakuliwe kwanza." Tuliokuwepo tulipiga makofi.

Mwaka huu, Boniface, mwenye njaa kuliko wote alikuwa Radi. Upawa wa kwanza ulikuwa wetu.

Na desturi yetu ya saluni haijabadilika. Watu wote wanasema, mkubwa anasema mwisho, na jina analolitaja ndilo linalopelekwa. Kabla ya hapo anafunga mdomo, asije mtu akamfuata nyumbani kumbembeleza. Wewe ulikikalia kiti kile cha kando ya kioo kwa miaka mingi, mikono juu ya tumbo, ukiwaacha wapayuke. Ulipoondoka walinisukuma mimi. Nilikataa mara ya kwanza. Mara ya pili sikukataa sana.

Matanga yako yalikuwa yamekwisha wiki mbili tu kabla ya siku ya kuchagua. Saluni ilijaa hata wateja wakasahau kwamba walikuja kunyolewa. Jamaa mmoja alikaa na kichwa kilichonyolewa nusu mchana kutwa. Ungefurahi kuwasikia.

"Tunataka nini kingine? Iko mtoto wa nyumba, iko Espoir!"

"Mtoto wa nyumba anafunga mlango tu, goli hafungi."

"Eish! Chunga mdomo, baba yake anakusikia."

"Baba yake angesema vilevile! Tunakula mabao matano kila Jumapili, wewe unataka mshambuliaji. Nyumba inavuja, unanunua viti!"

Huyo wa viti alikuwa Shabani. Alimtaka kipa, Innocent, yule Mrundi mrefu anayesomea umeme. Hapo kelele ikapanda. Mtu mmoja akauliza, "Mrundi atulindie goli sisi Wakongo? Na siku tukicheza na Warundi wenzake?" Shabani akazima mashine, akamgeukia: "Siku hiyo mpira utamwomba pasipoti?" Mama anayesuka nywele kule nyuma naye akapaza sauti: "Nyinyi wanaume hamna haya. Marehemu hajamaliza mwaka. Mtamchagua nani kama si damu yake?" Na watu wakaitikia kwa vichwa, maana mama yule alikuwa amesema kilichokuwa moyoni mwa wengi.

Mtoto wako Espoir alikuwepo. Aliketi kwenye benchi la mlangoni, na magotini alikuwa na mfuko wa plastiki. Ndani yake kulikuwa na jezi yako, namba sita. Mkeo alikuwa ameifua, akaitia pasi, akashona ukosi ulipochanika. Watu wote waliuona mfuko ule na wakajua kilichomo. Kwao jambo lilikuwa limekwisha: mtoto atavaa ya baba, na hapo ndipo matanga yatakuwa yamekwisha kweli.

Nami nilikuwa nimekuahidi. Ulinishika kifundo cha mkono pale hospitali, ukasema, "Mwalimu, mtoto asibaki nje." Nikajibu, "Hatabaki." Siku nyingine najidanganya kwamba hukusema nje ya nini. Lakini nilijua. Tulikuwa tukizungumza habari za Radi dakika ile ile.

Sasa sikiliza. Niliyaangalia mashindano ya wanafunzi tangu mwanzo hadi mwisho. Walinipeleka Mobeni, kwenye ule uwanja wa nyuma ya maghala, wakaniwekea kiti pembeni ya mstari. Espoir ana mbio, ana moyo, hachoki. Lakini akipewa mpira huku goli likiwa mgongoni mwake, anapotea. Na jambo moja lilinikata. Kila alipopoteza mpira aligeuza kichwa kuangalia pembeni, pale ulipozoea kusimama na koti lako la kijani. Kila mara. Hata katika fainali. Nikawaza: wakimvika jezi ile, watampima nawe kila Jumapili, na kila Jumapili ataangalia pembeni akutafute. Innocent yeye aliudaka mpira kama mama anavyompokea mtoto kutoka mgongoni mwa mwenzake. Tulihitaji kipa. Wewe ungeona kabla yangu.

Kwa hiyo nilijua. Nilijua siku ile ile, nikiwa bado kwenye kile kiti cha Mobeni.

Halafu Jumatano, siku tatu kabla ya kikao cha saluni, Espoir alikuja kwangu kama kawaida, na dawa zangu na mkate, akapanda ngazi zote kwa miguu maana lifti ya jengo letu ilikufa kabla yako. Akanipimia vidonge. Akafungua dirisha. Alipokuwa anaondoka aliuliza, kwa aibu, akiangalia viatu vyake: "Papa Mwalimu, wewe unaona namna gani?"

Nikamjibu, "Anayesema mwisho hasemi katikati."

Akacheka. Akashuka ngazi akipiga mluzi. Nilimsikia mpaka chini.

Ningeweza kumwambia, Boniface. Tulikuwa wawili tu. Desturi inakataza mkubwa asibembelezwe. Haikatazi mtoto asihurumiwe. Nilijificha nyuma ya desturi kwa sababu niliogopa uso wa mtoto. Nikamwacha arudi nyumbani, nikamwacha mkeo apashe pasi moto.

Jumamosi, pale saluni, waliponigeukia, nilisema, "Innocent." Shabani, aliyekuwa akimtetea kijana huyo siku nzima, ndiye aliyesema, "Mwalimu, tafadhali, rudia." Nikarudia. Nikaongeza maneno yako, yale yale: "Hatuchagui jina, tunachagua miguu." Espoir akasimama. Alikuja mpaka kwenye kiti, akanipa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika kiwiko, kama ulivyomfundisha, akasema, "Asante, Papa." Akachukua mfuko wake akaenda. Yule mama wa nyuma alianza kulia, na mimi sikuwa na mahali pa kutazama, maana mbele yangu kulikuwa na kioo.

Unajua maneno yale ulimwambia nani mara ya kwanza. Uliniambia mimi, mwaka ulipomkataa Riziki, mtoto wa dada yangu. Msimu mzima sikukusalimu. Tulilinda magari kwenye maegesho yale yale ya ufukweni, wewe upande wa bahari, mimi upande wa maduka, na vizibao vyetu vya njano, tukipishana kama watu ambao hawajawahi kula sahani moja. Wewe ndiye uliyekuja, siku ya mvua, ukanifunika na mwavuli wako. Na ulikuwa na haki. Riziki sasa anaendesha lori bandarini, ana tumbo, na akikumbuka kwamba aliwahi kujiita winga anacheka mpaka anakohoa.

Walipokwisha kutoka, Shabani alinishika bega akaniuliza polepole, "Hii ni ya Riziki, siyo?" Nilimfokea. Nilimwambia mimi si mtu wa visasi, nimesoma, nimefundisha fizikia watoto wa watu Uvira. Akasema, "Basi, Mwalimu, sharp, yamekwisha," akaendelea kufagia nywele.

Lakini wewe sitakufokea. Nilipoyatamka maneno yako mbele ya mtoto wako, nilisikia utamu ulimini. Mdogo sana. Kama sukari iliyobaki chini ya kikombe. Sikuutafuta, sikuutarajia, nilidhani mambo yale yamekwisha chini ya mwavuli. Ulikuwepo. Jina nililolitaja lilikuwa sahihi, na nikirudishwa leo kwenye kiti kile nitalitaja tena. Kinywa kilicholitaja ndicho hakikuwa safi. Hilo sijamwambia mtu, hata padri. Padri angenisamehe haraka, na sikutaka haraka.

Nikupe habari nyingine, zikupoze. Innocent yuko golini. Bado hatujashinda, lakini hatuli matano tena. Tumetoka sare mara mbili, na mara ya pili watu walicheza muziki barabarani mpaka polisi wakaja kuuliza sikukuu gani. Yule aliyeuliza habari za Warundi wenzake ndiye anayembebea Innocent glavu. Mkeo ameanza tena kuuza vitambaa, na Jumapili iliyopita nilimsikia akiimba kanisani, sauti ya pili, kama zamani.

Na Espoir hakubaki bila timu. Pinetown walimchukua, karibu na mwisho wa zamu za kuchagua. Kocha wao alimtazama siku moja akamrudisha nyuma, beki wa kulia, ambapo uwanja wote uko mbele yake. Wanasema anacheza vizuri. Wanasema haangalii pembeni tena. Sijamwona. Mimi niliwaza kumchukua au kumwacha tu, kumgeuza awe beki hakukunijia.

Dawa zangu zinafika bado, kila Jumatano, na mkate. Anaviacha kwa mlinzi wa chini. Hapandi. Nakaa nimetega sikio, nasikia geti, nasikia salamu yake na mlinzi, kisha nasikia geti tena.

Mkeo alipanda juzi. Aliketi kitandani pangu kwa sababu kiti nilikuwa nacho mimi. Nilianza kujieleza, habari za kipa, habari za ulinzi wetu, akaniinulia mkono. Akasema, "Mwalimu, mtoto hakukasirika kwa kuachwa. Alisema neno moja tu. Alisema, 'Angeniambia Jumatano.'"

Alinifungulia dirisha, akaondoka.

Jumapili hii Radi wanacheza na Pinetown, pale Mobeni. Espoir ameniletea ujumbe kupitia kwa mama yake: mimi nisiende, upepo ni mkali. Nimeyageuza maneno hayo kila upande na sijui ni huruma au ni mlango umefungwa. Huenda ni vyote viwili. Nitakwenda. Riziki atakuja na mkewe kunishusha ngazi, kasema atanibeba mgongoni kama gunia la muhogo, na kwamba sina uzito wa kumtisha.

Nataka nifike mapema, kabla hawajavaa. Nitamwita kando. Nitamwambia kwamba Jumatano nilikuwa najua, na kwamba nilimwogopa. Nitamwambia uliniomba nini hospitali. Na ule utamu, nitamwambia na huo pia, ingawa ulimi unakuwa mzito hata hapa, kwenye karatasi, nikiandika kwa mtu asiyeweza kunitazama. Sitamwomba anisamehe. Kijana asilazimishwe kusamehe kwa sababu mzee anakufa. Hiyo nayo ni njia ya kujificha. Nitasema, kisha nitamwacha aende akacheze. Na hapo, ndugu yangu, nivumilie: sitaketi upande wa Radi. Nitawaomba waniwekee kiti mstari wa kulia, upande wa beki.

Hiyo ndiyo ahadi yangu, na safari hii sitajidanganya kwamba sikujua ni ya nini.

Pumzika, Boniface. Nakuja, lakini nipe mpaka Jumapili. Na kama moyo huu utaniangusha kabla, ukaniona nakuja ng'ambo hiyo na kizibao changu cha njano mkononi kama mtu aliyemaliza zamu, usinikumbatie. Niulize kwanza kama nilimwambia.

Ndugu yako,
Mwalimu