Mchaichai Ndani ya Kanisa

Kasulu, 4 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, wajukuu wako wanakohoa kidogo tu. Mgongo unaendeleaje?

Mama, mchaichai wako unanikosesha raha. Nani aliwahi kushiba harufu? Mafuta ya mavuno haya ya kwanza yakikataliwa na mnunuzi, nakuja na mbegu za maharage, nang'oa yote. Shamba la marehemu Baba si la kufanyia majaribio.

Mwanao,
Tharsisi


Kumsenga, 19 Machi 2024

Mwanangu Tharsisi,

Marahaba. Mgongo unauma nikiinama tu. Wajukuu wape asali.

Nusura ushinde. Siku ya kuvuna ilikuwa zamu yangu ya ikibiri, na unajua majirani wakishapanga kuja kukusaidia shambani, siku haiahirishwi. Mvua ikanyesha, nao wakaja. Wakakata shamba lote, wakarundika majani yanachuruzika maji, kisha tukanywa kidogo, ingawa ni Kwaresima. Asubuhi akaja Shamsia, yule binti wa Mzee Hilali mwenye duka, anayetufundisha kilimo hiki. Akatia mkono kwenye rundo: moto. Yakiingia mtamboni hivyo, alisema, mafuta yatanuka uvundo.

Nilidhani atatufokea. Akavua viatu. "Mama Tharsisi, wapi kuna kivuli kikubwa?"

Hapa kwetu ni kanisani tu. Katekista akatufungulia. Binti wa Kiislamu, kanga kiunoni, tena amefunga Ramadhani, alishinda akitandaza majani juu ya mabenchi yetu na kati yake na kutupa yaliyooza. Jua lilipozama, mke wa katekista akamletea uji. Jumapili tulisali tumesimama. Nampenda kama nimemzaa.

Jana tumekamua. Mafuta yameenda kupimwa.

Mama yako,
Immakulata


Kasulu, 14 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Watoto wamepona. Kimya chako tangu mafuta yaende kupimwa nilikielewa vibaya, nikanunua mbegu kabisa.

Jana Shamsia alipita hapa karakanani kwangu, bado ana hina ya Idi mikononi. Akasema umemtuma aninusishe, akafungua kichupa. Mafuta yamepokelewa. Nikanusa, Mama, nikanusa tena. Nilikudharau wewe, nikamdharau na yeye kabla sijamwona. Mnisamehe.

Naranda mbao za vichanja vya kuanikia, ili Wakristo wakae kwenye mabenchi yao. Zamu yako ya ikibiri ikifika, nami nihesabuni.

Zile mbegu za maharage tumezila jana.

Mwanao,
Tharsisi