Noti ya Shetani Iliyopigwa Pasi

Gimli, 2 Septemba 1996

Mpendwa Einar, mdogo wangu,

Hujambo? Mkeo Lena hajambo? Mimi mzima, ila magoti.

Upepo umeng'oa paa la kibanda cha Mama cha kukaushia samaki kwa moshi. Kellerman, yule jirani wa majira ya joto, anataka nimuuzie kiwanja abomoe kibanda. Sitaki, lakini sina hela ya mabati.

Darini mwa kibanda hicho nimekuta yale makopo mawili, langu na lako. Unakumbuka? Mama alituletea kila mmoja dola mpya kutoka benki, kisha akaona uso wa shetani kwenye nywele za Malkia pichani. Akaapa hazitalala ndani ya nyumba yake, zikawekwa kibandani juu ya samaki! Wewe si unauza noti kuukuu? Nakutumia yangu. Ilinuka samaki, nikaifua na kuipiga pasi usije ukaaibika mbele ya wateja.

Dada yako,
Thora

Winnipeg, 9 Septemba

Dada Thora,

Shikamoo. Sisi wazima, au tulikuwa wazima mpaka nilipofungua bahasha. Umefua noti!

Huyo shetani nyuma ya sikio la Malkia, wakusanyaji wa noti wanamtafuta. Tena kuna kinyota kabla ya namba: ilichapwa kuziba nafasi ya noti iliyoharibika kiwandani, na hizo ni chache. Lakini wakusanyaji wanataka karatasi kama ilivyotoka mtamboni, na pasi yako imelaza wino wote. Ingeezeka kibanda. Sasa itatununulia supu.

Yangu iko wapi? Usiiguse! Hata vumbi usipanguse.

Mdogo wako,
Einar

Gimli, 4 Oktoba

Einar,

Salamu kwa Lena. Wewe nilikununia, ndiyo maana kimya. Hata mpiga pasi ana moyo.

Noti yako hii hapa, katikati ya kadibodi mbili. Ina kinyota, na inanuka moshi kama Krismasi ya kwetu. Ni yako, ifanyie upendavyo. Kellerman amekuja tena na karatasi zake, na theluji haiko mbali. Nitasaini Ijumaa ya tarehe kumi na nane. Imeniuma sana kuandika hivyo.

Dada yako,
Thora

Winnipeg, 11 Oktoba

Dada yangu,

Shikamoo, na unisamehe mdomo wangu.

Usisaini! Nimeiuza. Mnunuzi aliiweka kwenye mwanga, akakipapasa kinyota kwa macho, halafu akainusa. "Mzee, hii ilikaa wapi?" Nikamwambia, "Kwa mama yangu, juu ya samaki." Akacheka, akalipa bila kubishana.

Mabati yako kwenye gari, na misumari. Tunafika Jumatano, mimi na Lena. Tangu mazishi ya Mama sijapanda ngazi ya kibanda kile, na nina hamu nacho kuliko ninavyoweza kusema. Andaa kahawa na ile keki ya plamu ya matabaka.

Noti yako ya pasi narudi nayo. Tukimaliza paa, uitie kwenye kopo lako, mle mle kibandani. Ndani ya nyumba Mama alikataa.

Mdogo wako,
Einar